Mali Kauli, na Mwenye Kauli Akifilisika

Ndugu msikilizaji, ukisimama pale njia panda ya Makambako mnamo saa kumi na mbili za jioni, wakati baridi inaanza kuingia mifupani na kina mama wauza mahindi ya kuchoma wanachochea mkaa, utayaona malori yakishuka kutoka upande wa Njombe. Yamefunikwa maturubai, yamejaa kupita kimo cha bodi, na utingo amejikunyata juu ya mzigo ndani ya blanketi. Yakifika pale yanapinda kulia kuifuata barabara kuu ya Dar es Salaam. Kesho yake viazi hivyo vipo Ilala na Mabibo, kesho kutwa vimo katika karai la mafuta, na jioni wewe na mimi tunakaa kwenye viti vya plastiki tunangoja chipsi zetu.

Nataka nikuulize swali moja kuhusu lori hilo linapopinda pale Makambako. Viazi vilivyomo ndani yake, saa hiyo, ni vya nani?

Utanijibu haraka kwamba ni vya mfanyabiashara aliyevinunua. Lakini je, kama hajavilipia? Maana sehemu kubwa ya mazao yanayopita pale hayajalipiwa, au yamelipiwa robo. Yametolewa kwa utaratibu ambao kila mfanyabiashara wa nchi hii anaujua kwa jina lake, nao ni mali kauli. Chukua mzigo, kauze, ukirudi unilipe. Hakuna hundi, hakuna mkataba. Kuna kauli tu. Na utaratibu huu umelisha miji yetu kwa miaka mingi, tusiudharau.

Wazee walisema ahadi ni deni. Wanasheria nao wanakubaliana na wazee kwamba ni deni. Ila wanasheria wana swali la pili ambalo wazee hawakuuliza, nalo ni hili: ni deni la daraja gani?

Nilianza kulifikiria jambo hili si kwa kusoma vitabu, bali kwa kutumwa. Shangazi wa mke wangu ni mkulima wa viazi kule Uwemba, Njombe. Msimu wa mwaka 2022 alipata gunia 64. Mnunuzi wake ilikuwa kampuni ndogo ya hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja. Kampuni hiyo ilikwisha kununua kwake misimu mitatu bila matatizo, na wakala wao alikuwa kijana wa palepale, anayeitwa mwanangu na nusu ya kijiji. Walikubaliana shilingi 55,000 kwa gunia. Jumla yake ni shilingi 3,520,000. Shambani alipewa 720,000, ambazo alizitumia palepale kuwalipa vibarua waliochimba na mwenye punda waliobeba. Zilizobaki, 2,800,000, zingekuja wiki mbili baadaye.

Wiki mbili zikawa mwezi. Mwezi ukawa miwili. Simu ya wakala ikawa inaita bila kupokelewa, halafu ikawa haiiti kabisa. Hapo ndipo mke wangu aliponiambia, "Wewe si uko mjini, nenda kaangalie."

Nilikwenda. Nilikuta kufuli mlangoni na karatasi imebandikwa. Mlinzi, ambaye naye alikuwa akidai mishahara yake, alinielekeza kwa mfilisi. Pengine nieleze, maana maneno haya hufanana: muflisi ni yule aliyefilisika, na mfilisi ni yule aliyekabidhiwa kukusanya mabaki na kuwagawia wanaodai. Nilimkuta mfilisi ni mtu mstaarabu, mwenye miwani na majalada mengi. Akanifungulia orodha ya wadai. Benki ilikuwapo. Mamlaka ya Mapato ilikuwapo. Wafanyakazi walikuwapo, akiwamo yule mlinzi. Mwenye ghala alikuwapo, mwenye gereji pia. Nikamtafuta shangazi. Hakuwapo.

Mfilisi alirudi kwenye daftari la manunuzi, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja: "Viazi, Njombe", na pembeni jina la wakala. Basi. Kwa vitabu vya kampuni, mtu aliyeuza viazi alikuwa yule kijana, na kijana alikuwa amekwisha kupewa fedha za kuanzia. Mama aliyelima, akapalilia, akapulizia dawa ya ukungu na kulala macho mvua ilipozidi, hakuandikwa popote.

Lakini kilichoniuma zaidi ni jambo lingine. Nilimwuliza mfilisi kama viazi vile viliharibika. Akasema la hasha, viliuzwa Ilala kwa siku tatu, tena kwa bei nzuri. Fedha zikaingizwa kwenye akaunti ya kampuni. Akaunti ile ilikuwa ikidaiwa na benki, kwa hiyo zilipoingia zilimezwa. Kwa maneno mengine, msikilizaji, viazi vya Uwemba vilifanya kazi yake sawasawa. Vilipunguza deni la benki ya mjini.

Na hapa nisieleweke vibaya. Sisemi benki iliiba. Benki ilichukua haki yake kwa mujibu wa mkataba. Mfilisi naye alifuata sheria. Hata wale wenye kampuni sikuwakuta wakijenga maghorofa. Waliuza kwa mahoteli na maduka ambayo nayo hayakuwalipa. Kila niliyemwuliza alikuwa na haki yake na karatasi yake mkononi. Aliyekosa karatasi ni mmoja tu.

Sasa tuitazame sheria inasemaje. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa tuliirithi kutoka kwa Mwingereza, nayo ilifuata sheria aliyoitunga kwao mwaka 1893. Si sheria mbaya. Inamtambua muuzaji ambaye hajalipwa, na inampa nguvu kadhaa. Ya kwanza, kama mali bado iko mikononi mwake, anaweza kuizuia. Ya pili inapendeza zaidi: akisikia mnunuzi amefilisika wakati mali iko njiani, anaweza kumwamuru msafirishaji asimame na airudishe. Hebu fikiria hilo. Shangazi angepata habari usiku ule, angeweza kwa sheria kulisimamisha lori pale Makambako.

Tatizo ni kwamba nguvu hiyo inamfaa mtu anayekabidhi mzigo wake kwa shirika la reli au kwa meli, na mnunuzi anausubiri upande wa pili. Huko Njombe mnunuzi au wakala wake huja mwenyewe hadi shambani. Anahesabu magunia, anasimamia upakiaji, halafu anapanda mbele karibu na dereva. Mbele ya sheria mzigo umekwisha kupokelewa hapo hapo kwenye matope ya Uwemba. Hakuna tena mali iliyo njiani. Na kama wawili hawakukubaliana vingine, kuchelewa kwa malipo hakuzuii umiliki kuhama. Kwa hiyo jibu la swali langu la mwanzo ndilo lile ulilonipa: viazi ni vya mfanyabiashara, hata kama hajatoa senti. Mkulima amebaki na deni.

Na mdaiwa akifilisika, madeni hayapangwi kwa kutazama nani alitoka jasho zaidi. Aliyeweka rehani na kuisajili anachukua kile alichowekewa rehani. Sheria yetu ya makampuni ya mwaka 2002 inayatanguliza baadhi ya madeni, kama vile kodi za Serikali na mishahara ya wafanyakazi, na sioni kosa katika hilo la mishahara. Nani hasa anamtangulia nani kati ya hao ni kazi ya mawakili, sitaingia huko. Mkulima wa viazi yuko katika kundi la mwisho, la wadai wasio na dhamana, pamoja na mwenye gereji na aliyeuza karatasi za ofisini. Wanagawana kilichobaki. Mara nyingi kinachobaki ni meza na kalenda ya mwaka uliopita.

Mtu wa mjini atasema: basi akatae mali kauli. Auze kwa fedha taslimu au asiuze. Ni ushauri rahisi sana ukiutoa ukiwa Kariakoo.

Benki inapokopesha huomba hati ya nyumba, huomba wadhamini, huomba picha ndogo za pasipoti na taarifa ya mauzo ya miaka iliyopita, halafu hukuambia urudi Jumatatu. Shangazi alikopesha milioni mbili na laki nane kwa kuutazama uso wa kijana. Si kwa ujinga. Viazi vilikuwa vimechimbwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Kiazi kikipigwa na jua kinageuka kijani, kikilala kwenye unyevu kinaoza, na ghala la ubaridi la kumfaa mkulima wa gunia 64 hakuna. Jirani zake wote walikuwa wamechimba wiki ile ile. Lori lilikuwa moja, na lingeondoka jioni. Huyo si mkopeshaji aliyechagua kukopesha. Ni mkopeshaji wa kulazimishwa na kiazi chenyewe. (Na sijazungumza juu ya lumbesa, lile gunia lenye kichwa na shingo, ambalo mkulima analipwa moja huku likibeba karibu moja na nusu. Hilo lina siku yake.)

Ndiyo maana nasema mazao yanayoharibika ni jambo la peke yake. Mwenye mahindi anaweza kungoja. Mwenye korosho, ufuta au mbaazi ana mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005: mazao yanaingia ghalani, yanapigwa mnada, na mnunuzi hayatoi mpaka fedha iwe imelipwa. Watu wanalalamikia mfumo huo kwa mengi, makato na ucheleweshaji, na baadhi ya malalamiko ni ya kweli. Lakini msingi wake ni safi: mali haiondoki kabla ya fedha. Maana yake nchi yetu imekwisha kukubali kwamba mkulima asiachwe na kauli tupu. Sasa nenda kaweke parachichi ghalani ungoje mnada. Utakuta limegeuka uji.

Na parachichi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko viazi. Njombe ya leo imejaa miparachichi. Watu wamepanda Hass mpaka nyuma ya jikoni. Mwaka 2022 tulifungua mlango wa soko la China, na habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, nami nilishangilia. Lakini parachichi la kusafirishwa lina safari ndefu mno: shamba, kiwanda cha kupakia, kontena lenye ubaridi, meli, dalali wa ng'ambo, duka. Wakinunua kwa kulipa baadaye, yeyote katika mnyororo huo akianguka, aliye mwisho wa kamba anaangushwa naye. Katika viazi deni ni la wiki mbili. Katika kontena linaweza kuwa la miezi.

Kama unadhani maduka makubwa hayaanguki, jikumbushe ya majirani zetu. Uchumi ya Kenya, duka lililokuwa fahari ya nchi ile, ilifungwa mwaka 2006, ikafufuliwa, halafu Oktoba 2015 ikafunga matawi yake ya Tanzania na Uganda. Waliokuwa wakiwapelekea bidhaa wakabaki wameshika hati za madai. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ifilisiwe. Waliodai walikuwa benki, wenye majengo, na kundi kubwa la wauzaji wa kawaida. Na kule Mumias, Kenya ya magharibi, kiwanda cha sukari kilipowekwa chini ya meneja mfilisi na benki mwezi Septemba 2019, wakulima wa miwa walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakidai kwa muda mrefu. Muwa nao, ukishakatwa, haungoji. Sukari yake inapungua kila siku inayopita.

Serikali nayo huchelewa. Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walioiuzia mahindi NFRA msimu wa 2014 wanakumbuka walivyosubiri fedha hadi 2015. Lakini Serikali haifilisiki. Unaweza kuisemea bungeni, unaweza kuipigia kelele kwenye kampeni. Kampuni iliyokufa haina mbunge.

Wenzetu walifanyaje? Nitataja nchi mbili, si kwa sababu kila cha Ulaya na Marekani ni chema, bali kwa sababu hawa walikumbwa na tatizo lile lile la shangazi.

Wamarekani wana sheria ya mazao yanayoharibika, yaani matunda na mboga mbichi, tangu mwaka 1930. Mwanzoni ilihusu leseni na udanganyifu: mnunuzi lazima asajiliwe, na akimpunja mkulima ananyang'anywa leseni. Ikaonekana haitoshi. Wanunuzi walikuwa wakikopa benki na kuweka rehani shehena ambazo hawajazilipia. Wakianguka, benki inachukua nyanya za mkulima na mkulima anachukua pole. Mwaka 1984 wakaiongezea kipengele ambacho kwa Kiswahili naweza kukieleza kwa neno moja tu: amana. Mazao yaliyonunuliwa na hayajalipiwa, bidhaa zilizotengenezwa kutokana na mazao hayo, na fedha zilizopatikana kwa kuyauza, vyote vinahesabiwa kuwa amana ya mkulima mikononi mwa mnunuzi mpaka mkulima alipwe chote. Benki haiwezi kuchukua amana ya mtu mwingine kulipia deni la mteja wake. Mfilisi naye anaanza kwa kuitoa amana pembeni, ndipo agawe kilichobaki.

Wameweka masharti pia. Malipo kwa kawaida ni ndani ya siku 10. Mnaweza kukubaliana kwa maandishi kuzidisha, lakini mkivuka siku 30 umeipoteza kinga hiyo, kwa sababu sheria inasema sasa umeamua mwenyewe kuwa mkopeshaji. Naona hapo wametenda haki pande zote mbili.

Wakanada hawakuwa na kitu kama hicho, ila wakulima wao waliouza Marekani walikuwa wakipewa upendeleo katika taratibu za sheria ile. Oktoba 2014 Wamarekani wakauondoa, wakisema ninyi kwenu hamuwalindi wakulima wetu. Ikawachukua Wakanada miaka kumi. Mwishoni mwa 2024 nao walipitisha sheria yao ya kuyafanya mazao mabichi kuwa amana mnunuzi anapofilisika. Nchi tajiri, yenye mawakili kila kona, miaka kumi.

Neno amana si geni kwetu. Mtu akikuachia mbuzi wake akasafiri, ukafilisika, wanaokudai hawamchukui yule mbuzi. Kila mzee wa kijiji analijua hilo. Na serikalini hata ofisi tunayo: RITA, ile inayotuandikia vyeti vya kuzaliwa, jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ufilisi na udhamini viko chini ya paa moja. Kinachokosekana ni kifungu cha sheria kinachosema kwamba viazi, parachichi, nyanya, kabichi na vinavyofanana navyo, vikichukuliwa kwa mali kauli, ni amana mpaka vilipwe.

Nimewahi kuambiwa na rafiki yangu wa benki kwamba nikipata ninachotaka, benki zitaogopa kuwakopesha wanunuzi wa mazao, na mkulima atakosa mnunuzi kabisa. Ni hoja nzito, siidharau. Lakini ukiichunguza, inakiri jambo. Inakiri kwamba leo benki inakopesha kwa raha kwa sababu inajua viazi vya mtu mwingine viko hapo kama mto wa kuangukia. Huo ni mkopo wa mkulima unaopitia benki, isipokuwa mkulima hapati riba. Pengine wanunuzi wachache wasio na mtaji wataondoka sokoni. Pengine bei ya chipsi itapanda kidogo. Niko tayari kubishana juu ya ukubwa wa hicho kidogo.

Hoja nyingine ni ngumu zaidi, nami sina jibu lake kamili. Wanunuzi wengi wa Njombe si makampuni. Ni mtu na simu yake na lori la kukodi. Huyo hafilisiki mahakamani; huyo anabadilisha laini ya simu. Sheria ya amana itamfikiaje? Na hata kwa kampuni halisi, shangazi atathibitishaje kwamba gunia 64 zilikuwa zake?

Hapa ndipo nilipokumbuka geti. Kila lori linalotoka na mzigo wa mazao hukutana na geti la halmashauri, na pale hulipwa ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa mazao ya biashara. Sina ugomvi na ushuru. Barabara zinahitaji fedha. Lakini tazama kilichotokea: lori la viazi vya Uwemba lilisimama getini, mzigo ukaandikwa, asilimia 2 ikalipwa, stakabadhi ikatoka, kizuizi kikainuliwa. Halmashauri ilipata asilimia 2 yake usiku ule ule. Mwenye asilimia 98 bado anangoja.

Basi ile stakabadhi, inayotolewa tayari kila siku, iongezewe mistari miwili: majina ya wakulima waliotoa mzigo na gunia za kila mmoja, na kiasi ambacho hakijalipwa. Nakala moja abaki nayo mkulima. Huo ungekuwa ushahidi wa amana. Mfilisi angekuwa na orodha. Na yule wa laini za simu angejua kuna mahali jina lake limeandikwa karibu na deni, na kwamba msimu ujao atalazimika kupita kwenye geti lile lile. Wataalamu watasema foleni itakuwa ndefu. Itakuwa ndefu, ndiyo.

Mwezi wa tatu nilikwenda Uwemba. Shangazi alinipokea vizuri kama kawaida yake. "Kamwene, mkwe," tukaulizana hali, nikapewa kiti karibu na moto. Hakuniuliza habari za zile milioni mbili na laki nane. Amekwisha kuacha kuuliza, na hilo liliniona aibu kuliko angeuliza. Alisema tu kwamba asubuhi atakuja kijana mwenye lori kutoka Makambako, naye anataka mali kauli, gunia 40. "Sasa wewe uliyesoma," akasema, "niandikie hiyo karatasi yako."

Nilikaa usiku ule nikaandika. Viazi hivi gunia 40, na fedha yoyote itakayopatikana kwa viazi hivi, ni amana ya mama huyu mpaka atakapolipwa shilingi kadha wa kadha, kabla ya tarehe fulani. Mahali pa sahihi, mahali pa shahidi. Nilijua kwamba bila sheria nyuma yake, karatasi ile mbele ya benki yenye rehani iliyosajiliwa ingekuwa na kazi ngumu. Lakini niliiandika kwa mwandiko mzuri.

Kijana alifika saa mbili. Alikuwa na adabu, alimwamkia shangazi kwa kuinama. Aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaifungua tena. Akasema hana tatizo nayo, ila lazima ampigie bosi. Alikwenda nyuma ya lori akazungumza kwa muda. Aliporudi alimrudishia shangazi karatasi yake kwa mikono miwili, akamwomba radhi.

Tulimwona akiwasha lori na kushuka bondeni. Hakwenda mbali. Alisimama kwa jirani, na hadi saa saba mchana walikuwa wamepakia gunia 50. Jirani hakuwa na karatasi.